Ufito wa Baba bado uko nyuma ya mlango

Shangazi, pokea salamu zangu kutoka Umoja.

Mimi ni kifungua mimba katika watoto watatu. Baba yetu alifariki Agosti mwaka jana, na sasa zimebaki wiki sita mwaka utimie. Ukoo umekubaliana tufanye ibada ya kumbukumbu nyumbani Murang'a, tutoe tangazo gazetini na tuchapishe kijitabu. Kazi ya kuandika wasifu nimeachiwa mimi. Nimeketi kuuandika mara nne na mara zote nne nimeinuka mikono mitupu, kwa sababu ninavyoelekezwa niandike, huyo mtu simjui.

Siku ya mazishi wasifu uliandikwa na baba mkubwa, ambaye ndiye mkuu wa ukoo sasa. Ulisema Baba alizaliwa 1957, akasoma hadi kidato cha nne, akaajiriwa na Reli 1978, akastaafu, akafungua kibanda cha kuchomelea vyuma Kariobangi, akawa mweka hazina wa kikundi cha wanaume kanisani, akaugua, Bwana akamtwaa. Yote ni kweli. Lakini nilikuwa nimeketi karibu na Mama, nikamwona akikitazama kile kijitabu kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake.

Baba alikuwa mvuvi, Shangazi. Hakuuza hata samaki mmoja, alivua kwa kupenda tu. Sisi ni Wakikuyu, na unajua wazee wetu hawakuwa watu wa samaki. Nyanya yangu aliaga dunia bila kuonja hata mnofu, akisema samaki ni ndugu wa nyoka. Baba alifunzwa kuvua na mzee wa Kijaluo aliyekuwa jirani yetu Makongeni, tulipokuwa tukiishi nyumba za Reli. Mzee huyo alitoka upande wa Homa Bay, na mara ya kwanza alimpeleka Baba pale Bwawa la Nairobi, enzi ambazo maji yake yalikuwa bado yanaonekana. Tangu hapo Baba hakupona. Masinga, Sagana, Naivasha, hata kule Kimakia kwenye mto wa baridi wenye trauti, kote alifika na mfuko wake wa turubai. Ilikuwa kila Jumamosi, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi ambayo ilikuwa ya Mama.

Na alikuwa mtu wa furaha kupita kiasi. Alitupa majina ya samaki: mimi Omena kwa wembamba wangu, kaka yangu Mbuta kwa ulafi, na kitinda mimba Kamongo kwa kuwa hakukuwa na tope alilolipita bila kuliingia. Jumamosi jioni tulimjua kwa mluzi wake kutoka kona ya laini yetu, na watoto wa laini nzima walitoka mbio. Nyuma ya mlango wa jikoni alikuwa amepigilia ubao. Samaki mkubwa wa siku hiyo alilazwa juu yake, urefu wake ukatiwa alama ya penseli, na tarehe, na mahali. Ubao huohuo ndio aliotupimia sisi kimo kila tulipotimiza mwaka. Kwa hiyo mimi najua kwamba nilipokuwa na miaka sita nilikuwa mrefu kama mumi (kambare) mmoja wa Masinga na nusu yake. Tulipohamia Umoja alichomoa misumari ya ubao ule akaubeba. Alama za mwisho ni za mwanangu. Siku hizi uko stoo, umefunikwa na gunia.

Sasa matatizo. Nilipomwambia baba mkubwa kwamba nataka kuandika habari za uvuvi, alinikatalia kabisa. Alisema mzee wa kanisa hawezi kukumbukwa kwa kuketi kando ya maji na kopo la minyoo, watu watadhani alikuwa mvivu. Kaka yangu naye anataka fito zote za kuvulia na vifaa viuzwe, na tayari ana mteja. Nilipopinga alisema, "Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa baba yetu. Jumamosi alikuwa wa samaki." Hatujazungumza vizuri tangu siku hiyo. Nami sikumwelewa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akipelekwa sana alipokuwa mdogo. Aliacha akiwa na miaka 12, siku alipoteleza akaingia majini Masinga. Baba alimvuta kwa shati akamtoa, na baada ya hapo sikumbuki wakienda pamoja tena.

Mama haongei. Fito ziko nyuma ya mlango wa chumba chake na hataki mtu aziguse. Tangu msiba hajapika samaki. Na mwanangu wa miaka minane aliahidiwa na babu yake kwamba akifika gredi ya tatu atapelekwa. Amefika. Kila Jumamosi asubuhi ananiuliza ni nani atakayempeleka.

Kuna na jambo ambalo sijamwambia mtu. Jumamosi ya mwisho Baba alinipigia simu, akasema, "Omena, twende Sagana, leo kuna jua zuri." Nikamwambia nina kikao cha chama. Akaenda na wenzake, wale wazee watatu anaovua nao tangu Makongeni. Jioni akanitumia kwa bodaboda bakuli la samaki aliyempika mwenyewe. Nilifika nyumbani usiku, nikamla akiwa baridi, nimesimama, hata sikumpigia kumshukuru. Siku tisa baadaye alipatwa na kiharusi. Wale wazee walikuja mazishini, wakasimama nyuma kabisa, hakuna aliyewapa kipaza sauti.

Nimwandikeje Baba, Shangazi? Nimfurahishe baba mkubwa, au kaka, au Mama, au nimwache tu apumzike?

Omena, Umoja


Omena mwanangu,

Pole. Pole ya mwaka huu na ya hiyo siku inayokuja, maana siku ya kutimiza mwaka huwa ina uzito wake, hata kwa mtu aliyedhani ameshazoea.

Nianze kwa kukwambia mimi ni nani katika jambo hili, ujue ninapotokea. Nimeishi Nairobi zaidi ya miaka 30, lakini nilizaliwa Mombasa, mtoto wa mvuvi wa mshipi. Uzi wa kuvulia, sisi kwetu ni mshipi, na kile kijiwe cha kuuzamisha ni chubwi. Kwetu mtu akifa, hata kabla ya kutajwa alikosoma, hutajwa alikuwa akienda bahari gani. Kwa hiyo nimeisoma barua yako nikiwa upande wa Baba yako, na sitajifanya sina upande.

Andika samaki. Waandike mapema, wasiwe mstari mmoja mwishoni baada ya "alipenda pia". Watu waliozaliwa 1957 wakaajiriwa na Reli 1978 ni wengi. Huo ndio mwaka Shirika la Reli la Kenya lilipoundwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika, na vijana waliingia Reli kwa makundi. Ukiondoa jina, wasifu aliouandika baba mkubwa ungeweza kusomwa juu ya jeneza la yeyote kati yao. Aliyepima watoto wake na mumi kwenye ubao mmoja ni mmoja tu. Mama yako alipokitazama kile kijitabu namna ile, nadhani alikuwa akimtafuta mumewe kurasa zote na hakumwona.

Tena unasema umeketi mara nne ukashindwa. Mwanangu, wasifu wa Baba yako umeshaandikwa, kwa penseli, na uko stoo chini ya gunia. Nenda ukautoe. Chukua daftari unakili kila alama: urefu, tarehe, mahali. Utaona miaka aliyokuwa akienda Bwawa la Nairobi, na utaona mwaka alipoacha. Bwawa lile lilijengwa 1953 liwe akiba ya maji ya mji, watu wakaliendea kwa mashua na kwa kuvua, mpaka taka na magugu maji yakalifunika. Baba yako aliliona likiwa hai na akaliona likifa, na sidhani alipita barabara ile bila kugeuza shingo. Utaona Masinga inaanza lini, kwa sababu kabla ya 1981 bwawa hilo halikuwapo, kulikuwa na Mto Tana tu unapita. Utaona Naivasha, na pengine samaki wakibadilika huko, maana samaki aina ya carp wa ziwa lile walianza kuwa wengi miaka ya 2000 na kitu, yule mnene wa magamba makubwa anayependa donge la ugali. Kama aliweka vyeti vyake vya leseni za uvuvi, viko kwenye kopo fulani au kwenye Biblia, navyo vina tarehe. Ukimaliza kunakili utakuwa na miaka 40 ya maisha ya mtu, na hutahitaji kuulizana na kalamu.

Sasa baba mkubwa. Usibishane naye kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na usimpigie simu. Mwendee, ukae, unywe chai yake. Huyu ni mzee aliyemzika mdogo wake, kitu ambacho si mpango wa kawaida wa dunia, na analinda jina la marehemu kwa njia anayoijua. Kumbuka pia kwamba yeye na Baba yako walilelewa na mama mmoja, aliyesema samaki ni ndugu wa nyoka. Mmoja akaenda akawapenda samaki, mwingine akabaki na neno la mama. Sidhani ni samaki tu wanaomsumbua.

Akikwambia uvuvi ni uvivu, mwambie ulichokiona kwa macho yako. Mwambie habari ya trauti wa Kimakia. Samaki yule si wa nchi hii. Trauti wa kwanza waliletwa kutoka Uskoti 1905, wakatiwa Mto Gura kule Aberdare, na samaki huyu hutaka maji ya baridi. Ni mwoga, akiona kivuli chako ameondoka. Mtu anayemtaka huamka saa tisa usiku Nairobi, hupanda matatu mbili, husimama kwenye umande hadi magotini, na mara nyingi hurudi bila kitu. Baba yako alifanya hivyo baada ya siku tano za kuchomelea vyuma. Kama huo ni uvivu, wengi wetu hatuna nguvu za kuwa wavivu.

Na kuhusu mzee wa kanisa kukumbukwa kando ya maji: mimi si wa kanisa lenu, lakini nimekaa na majirani Wakristo vya kutosha kuijua Injili ya Yohana, sura ya 21. Petro, siku chache baada ya msiba mkubwa na mambo yasiyoeleweka yaliyofuata, aliwaambia wenzake anakwenda kuvua samaki, nao wakasema wanakwenda naye. Usiku kucha hawakupata kitu. Asubuhi wakavua 153, mwandishi akahesabu mpaka wa mwisho, na ufukweni kulikuwa na moto wa makaa na samaki juu yake. Mwombe mchungaji asome sura hiyo siku ya ibada. Sina shaka baba mkubwa atalisikia somo hilo kwa sikio jingine likitoka madhabahuni kuliko likitoka kwako.

Kisha mpe kazi, kazi ya kweli. Mwambie wewe hujui lolote kuhusu Baba kabla hajawa baba. Hujui alivyokuwa mtoto, alichunga nini, alichapwa kwa kosa gani, waliteremka bonde lipi kuchota maji. Ni yeye peke yake aliyebaki anayejua. Mwombe akusimulie nawe uandike ukurasa wa kwanza kwa maneno yake, jina lake chini. Huenda ukakuta hata huko utotoni kulikuwa na mto.

Lakini barua yako, Omena, mimi imenishika zaidi kwa kaka yako. Umempitia kwa sentensi chache kana kwamba ni mtu wa pesa tu. Isome tena. Kijana aliyekuwa akipelekwa sana. Akateleza akiwa na miaka 12. Baba akamvuta kwa shati. Hawakwenda pamoja tena.

Ngoja nikusimulie yaliyotokea kwetu. Kaka yangu mkubwa alianguka kutoka kwenye ngalawa akiwa mdogo, nje kidogo ya mwamba. Baba alimtoa. Tangu siku hiyo hakumchukua tena, na kaka alikua akiamini kwamba Baba alimwona si mwanamume, kwamba alimfedhehesha mbele ya wavuvi wengine. Alilibeba hilo mpaka akaota mvi. Ni Mama yetu, uzeeni, aliyekuja kusema kwamba usiku ule Baba hakulala. Aliketi uani akitetemeka, akaapa hatampeleka mwanawe baharini maisha yake yote. Mmoja aliacha kumwita mwenzake kwa hofu, mwingine akadhani ameachwa kwa dharau. Wakafa... nilitaka kuandika wakafa wote wawili bila kusemezana, lakini kaka yangu yu hai, ni Baba tu aliyekufa. Unaona bado linanitetemesha mkono.

Sijui kama ndivyo ilivyokuwa Masinga. Mama yako anajua. Na wale wazee watatu wanajua, kwa sababu bila shaka mmoja wao alikuwapo. Uliza kabla ya kumhukumu kaka yako, na ukishajua, usimpelekee habari hiyo wewe. Mwombe Mama au mzee aliyekuwapo amwambie mwenyewe. Mtu wa umri wake hawezi kupokea jambo kama hilo kutoka kwa dada waliyegombana naye juu ya fito.

Hata kama haikuwa hivyo, neno lake lina haki ya kusikika. "Jumamosi alikuwa wa samaki." Ni kweli pia, si ndiyo? Kulikuwa na Jumamosi za mechi za shule na za homa ambazo Baba hakuwapo, na Mama alikuwa peke yake na watoto watatu. Wasifu unaoficha hilo utakuwa umetoa uongo mmoja na kutia mwingine. Andika waziwazi kwamba watoto wake walimngoja, na kwamba si wote waliofurahia kungoja. Mruhusu kaka aandike aya yake, hata ikiwa chungu, na usiihariri.

Vifaa visiuzwe kabla ya mwaka kutimia. Baada ya hapo vigawanywe kama mali nyingine yoyote, Mama akiamua. Kaka akipewa ufito mmoja akaamua kuuuza, ni wake. Ila nina wazo kwamba anauza kwa sababu hajawahi kupewa.

Kwa Mama nenda taratibu. Usimuulize chochote kuhusu zile fito. Nguo za marehemu zinatolewa, viatu vinatolewa, lakini kila mjane ninayemjua alibakisha kitu kimoja ambacho hakijawa marehemu bado, na kwa Mama yako ni hicho. Muulize jambo jingine kabisa: alijifunza wapi kupika samaki? Msichana wa Kikuyu, aliyeolewa akaja Makongeni, mumewe anaingia mlangoni na mumi mwenye masharubu asiye na hata gamba. Ni nani aliyemwonyesha kumpaka majivu au chumvi ili aache utelezi, kumpasua, kumtoa nyongo bila kuipasua? Nitashangaa kama si mke wa yule mzee wa Homa Bay. Kuna urafiki mzima wa wanawake wawili hapo ambao hujaugusa kwenye barua yako, na Mama akianza kusimulia nyanya na vitunguu vilivyokaangwa na nani kwanza, atafika kwa Baba mwenyewe kwa miguu yake. Uwe na simu ya kurekodi mezani, kwa ruhusa yake. Asiposema siku hiyo, rudi siku nyingine. Usimpikie samaki kumshtukiza, tafadhali. Harufu ile inaweza kumwangusha. Siku atakayotaka, atakutuma sokoni.

Wale wazee watatu watafute wiki hii, si mwezi ujao. Wana umri wa Baba yako na zaidi. Waliketi naye kando ya maji kwa miaka ambayo ukiijumlisha hakuna ndugu aliyemkaribia. Wanajua utani wake ambao hakuuleta nyumbani, wanajua alichosema alipostaafu, aliposhikwa na madeni, ulipozaliwa wewe. Waambie waje Murang'a, wakae mbele, na mmoja wao apewe dakika kumi. Mwambie baba mkubwa mapema kwamba watasema, asije akakutana nalo kwenye ratiba.

Hao ndio wa kumpeleka mwanao. Ahadi ya babu kwa mtoto wa miaka minane ni deni la nyumba nzima. Lakini safari ya kwanza isiwe Masinga wala Naivasha. Masinga kuna mamba, kote kuwili kuna viboko, na ninyi mmeshaona maji yanavyoweza kumchukua mtoto. Mpelekeni kwanza kwenye mabwawa ya kufugia samaki, yako Kiambu na njia ya kwenda Sagana, mtu hulipa akavua tilapia akiwa nchi kavu. Baadaye akipanda mashua, awe amevaa jaketi la kuelea linalomtosha kifua, si la mtu mzima lililofungwa kamba. Na mwalike kaka yako siku hiyo. Mwambie tu siku na mahali, usimbembeleze.

Nimebakiza lako, maana ndilo uliloliandika kwa haraka zaidi. Ulikuwa na kikao cha chama. Baba alikupigia, ukasema huwezi, akaenda. Jioni, mtu huyo aliyechoka alikaa jikoni akapaa magamba, akakaanga, akafunga bakuli kwa kitambaa, akamtafuta mtu wa bodaboda na akamlipa, ili Omena wake ale samaki wa Sagana. Aliyekasirika hafanyi hivyo. Baba alishazoea kwenda bila mtu na kurudi na chakula cha mtu. Simu ya asante hukupiga, ndiyo, na itakuuma muda fulani, siwezi kukuondolea. Ila usiseme ulimla "akiwa baridi, nimesimama" kana kwamba ni dhambi. Ulirudi usiku una njaa, ukakuta Baba amekuachia chakula. Liandike hilo kwenye wasifu jinsi lilivyo, na bakuli litaje. Bado unalo?

Kwa kuwa umekwama mwanzo, nakuanzishia kwa maneno yako mwenyewe, uyabadilishe upendavyo:

"Baba yetu alikuwa mtu wa Reli kwa siku tano na mvuvi kwa siku moja. Alizaliwa 1957 Murang'a, katika nyumba ambayo samaki hakuingia, na alifunzwa kuvua na jirani yake Makongeni. Alitupima watoto wake na samaki wake kwa ubao mmoja. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilikuwa ya Mama. Jumamosi nyingine tulimngoja, na mluzi wake ulitufikia kabla yake."

Endelea kutoka hapo. Kwenye tangazo la gazeti, ambako kila neno linalipiwa, acha yale ya "pengo lako halitazibika" na uweke sentensi ya mluzi.

Na ubao ule ukishaunakili usiurudishe stoo. Uupigilie nyuma ya mlango wa jikoni, kwa Mama kama atakubali, au kwako. Mwanao amerefuka tangu Agosti iliyopita na hakuna aliyempima.

Shangazi